Padri, Faaza na Mapeera

Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 26, naongoza watalii hapa Kampala. Nimejifunza Kihispania mwenyewe kwa simu kwa miezi minane, kwa sababu wageni wa Hispania wanakuja na waongozaji wanaojua lugha yao ni wachache, na anayeijua hulipwa vizuri. Nina daftari. Upande mmoja naandika neno la Kihispania, upande wa pili neno la Kiswahili, Luganda au Kiingereza linalofanana nalo. Mesa, meza. Bandera, bendera. Padre, padri. Mes, mwezi. Nimefika maneno 63 na yananisaidia sana kukumbuka.

Mwezi uliopita nilipewa kundi la Wahispania 11. Tulianzia soko la Nakasero. Niliwaonyesha mapera, nikawaambia haya ni peras. Wakatazamana. Nikadhani ni matamshi yangu. Tulipofika Barabara ya Kampala nikawaonyesha Mapeera House, nikawaambia hilo ni Jumba la Mapera, na kwamba neno hilo tumelipata kwao. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa Kilatini kutoka Sevilla, akatabasamu, akasema kwa upole: hapana binti, hiyo si pera, ni pater. Wenzake wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini dereva wetu naye alicheka, na jioni akampelekea bosi habari. Bosi ameniambia, "Wewe ni mwongozaji, si profesa. Sema yaliyo kwenye karatasi."

Mchana huohuo mzee yule alituonyesha picha za jiji lake akatamka neno alcázar. Mimi masikioni nikasikia kasri. Nilitaka kumuuliza, nikanyamaza, maana nilikuwa nimeshaaibika mara moja.

Sasa naomba uniambie nani alikuwa sahihi kuhusu Mapeera. Daftari nilitupe? Na je, nimwandikie mzee yule kumwomba radhi? Namba yake ya WhatsApp ninayo, ila kila nikianza kuandika nafuta.

Mwenye Daftari, Ntinda

Mwanangu,

Ukurasa huu umezoea barua za mawifi, mikopo ya vikundi na wanaume wasiopokea simu. Hapa mjini wengi huniita Ssenga, yaani shangazi kwa Luganda, na ssenga hutarajiwa mambo ya ssenga. Yako niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kuzitafuta kamusi zangu chini ya kitanda, zilikohamia tangu wajukuu walipoanza kuzikalia. Na umefanya vyema kujiita mwongozaji. Wapo wenzako wanaolitamka lile neno la Kiingereza, guide, kwa lafudhi ya Kiswahili mbele ya askari wa getini, wakajikuta wamejitambulisha kuwa ni gaidi.

Tuanze na linalouma. Mzee wa Sevilla alisema kweli. Mapeera ni mtu, na kwao alikuwa Siméon Lourdel, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1853, padri wa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe. Tarehe 17 Februari 1879 alishuka kwenye mtumbwi pale Kigungu, karibu na Entebbe, yeye na Bruda Amans, wakitoka kusini mwa ziwa kuja kuomba ruhusa ya Kabaka Muteesa wa Kwanza. Wafaransa humwita padri wao mon père, yaani baba yangu, na Waganda wakalichukua hilo kuwa ndilo jina lake.

Hebu sikiliza masikio ya Luganda yalivyofanya kazi. Ile irabu ya kwanza, ya puani, haikuwa na mahali pa kukaa, na nafasi yake ikachukuliwa na ma-, mwanzo wa neno ambao kila Mganda ameuzoea tangu utotoni. Neno la Luganda haliishii kwenye konsonanti, kwa hiyo likafungwa kwa -a. Irabu ya kati ikavutwa ikawa ee. Na r ikaandikwa r kwa kuwa imetanguliwa na e. Ingetanguliwa na a, o au u ingeandikwa l. Ikatoka Mapeera. Lourdel alifariki tarehe 12 Mei 1890 akiwa na miaka 36. Leo ukiuliza stendi ya boda Lourdel ni nani, watatazamana. Ukisema Mapeera, watakuuliza kama unakwenda benki au Kigungu. Jumba lile ni makao makuu ya Centenary Bank, benki yenye mizizi ya Kikatoliki, kwa hiyo jina halikuokotwa njiani.

Jambo ambalo mzee wa watu hakupata nafasi ya kukueleza ni hili. Jumapili moja simama nje ya kanisa kuu la Rubaga, Misa inapotoka. Padri anakuja mlangoni kusalimia watu. Bibi wa Kiganda atamwita Faaza. Mama wa Kikongo aliyekuja na vitenge vyake kutoka Bukavu atamwita Padri. Mnyarwanda atamwita Padiri. Na mzee anayewasimulia wajukuu habari za dini ilivyoingia atamtaja Mapeera. Hao wanne wanatamka neno moja ambalo liliachana njiani miaka mingi kabla ya kukutana tena kwenye kilima hicho.

Kilatini kilisema pater, na lilipokuwa linatendwa jambo katika sentensi likawa patrem. Kule Hispania na Ureno ile t ililegea ikawa d: padre. Mreno alileta hilo pwani yetu. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na wenzake hawakung'oka Fort Jesus mpaka 1698. Miaka 200 ya kupigana, kutoza ushuru na kuuziana vitu inatosha kuacha maneno. Padri ni mojawapo. Ufaransa nako t ililegea vilevile, lakini haikuishia kwenye d. Ilitoweka kabisa, ikabaki père. Faaza ndiye wa ajabu zaidi, maana yeye hakupitia Roma. Father la Kiingereza halikuzaliwa na pater; ni binamu yake, wana babu mmoja wa kale zaidi ya Kilatini chenyewe. Palipo na p katika Kilatini, Kiingereza kina f: pater na father, piscis na fish, pes na foot. Baadaye Waingereza wakaenda kumwazima na Mlatini mwenyewe akiwa amevaa suti, ndiyo maana wana paternal na patron, yule patron wa klabu ya shule aliyekuwa hahudhurii mikutano. Hata sayari ya Jupita imembeba humo ndani: Jupiter ni Baba Mbingu, na kipande cha mwisho ni pater yuleyule.

Utaniuliza, tunajuaje kwamba t ililegea kweli, na si hadithi ya walimu wastaafu? Kwa mashahidi wengine. Kilatini mater, Kihispania madre, Kifaransa mère. Na ile t ya zamani bado unaiona kwenye wodi ya wajawazito tunayoiita mataniti. Kilatini vita, maana yake uhai. Kihispania vida, Kifaransa vie. Na t iko kwenye vitamini, neno lililoundwa mwaka 1912 kutokana na vita hiyohiyo ya uhai. Kilatini petra, jiwe, ambalo nacho kililipata kwa Wagiriki; Kihispania piedra, Kifaransa pierre; na t iko kwenye petroli, mafuta ya mwambani, unayoilipia kila ukipanda boda. Padre, madre, vida, piedra. Mara nne, herufi ileile, safari ileile. Neno moja likibadilika ni bahati. Manne yakibadilika kwa namna moja, hapo kuna sheria.

Sasa njoo kwenye mapera yako, ambayo nayo yana asili yake ya heshima. Mlatini aliita tunda moja pirum na mengi pira. Watu wa kawaida, kadiri karne zilivyopita, wakaanza kuitumia pira ya wingi kama tunda moja. Usiwacheke. Sisi tulipokea kitab ya Waarabu, tukaona ki-, tukazaa vitabu. Tukapokea agizo la Mwingereza la kushika kushoto, tukapata kiplefti na viplefti. Kutoka pira hiyo Mhispania na Mreno wakapata pera, Mfaransa poire, Mwingereza pear. Angalia r: imo tangu mwanzo, na hakuna t wala d iliyowahi kukaa karibu yake. Kwa hiyo pera haiwezi kuwa padre hata kwa kulazimishwa.

Lakini tunda la pirum ni la nchi za baridi. Haya ya Nakasero, yenye mbegu tele na harufu inayomtangulia muuzaji, asili yake ni Marekani ya kitropiki. Mreno alilibandika jina la tunda la kwao kwa sababu ya umbo. Upande wa India ya magharibi alifanya hivyohivyo. Kimarathi hadi leo kinaliita peru. Kwetu likawa pera, likapanda bara kwa midomo ya watu wa pwani, na Luganda ikapata eppeera na amapeera. Mhispania hakupita njia hiyo. Yeye alilikuta tunda Karibi, akalichukua na jina la wenyeji: guayaba. Mwingereza akaazima kwake akapata guava. Basi wageni wako hawakutazamana kwa sababu ya matamshi. Uliwashikisha guayaba ukawaambia ni tunda jingine. Na lile tunda la baridi, linalouzwa madukani likiwa limevalishwa wavu mweupe, sisi tunaliita peasi, kutoka Kiingereza. Kwa hiyo pera na peasi ni watoto wa tumbo moja waliopewa matunda tofauti ya kubeba, na hiyo ni habari nzuri ya kuwasimulia watalii kuliko uliyowasimulia.

Kosa lako unaliona lilipo? Mapeera na amapeera yanafanana mpaka kwenye irabu iliyovutwa. Sikio la Mganda huyatenganisha kwa ile a ya mbele, ambayo tunda linayo na jina la mtu halina. Wewe uliyasoma kwa macho ya Kiswahili, ambacho hakina a hiyo.

Unajua kwanjula, sherehe ya kijana kutambulishwa ukweni, inavyokwenda. Kijana hapokelewi kwa sababu amefanana na mtu fulani. Anaulizwa baba yake nani, babu yake nani, ukoo gani, na walitokea wapi mpaka wakafika kwenye mkeka huu. Watu wawili wanaweza kufanana kama mapacha, mmoja ni wa ukoo wa Ngeye na mwingine wa Mmamba. Wengine hawafanani hata kidogo na wanakatazwa kuoana, kwa kuwa wote ni wa ukoo wa Ffumbe. Daftari lako limeandika nyuso. Usilitupe. Chora safu mbili zaidi. Moja iulize: nani alilileta neno hili, na alipitia wapi? Nyingine iulize: kuna neno jingine lililobadilika kwa namna hiyohiyo? Neno likikosa majibu ya safu zote mbili, liandike kwa penseli.

Anza na mes na mwezi. Hayo ndiyo yananihusu mimi binafsi. Miaka mingi iliyopita, kwenye harusi moja Kibuli, nilijigamba mbele ya meza nzima kwamba mes ya Kihispania na mwezi wetu ni ndugu. Nilikuwa na ushahidi: maana moja, sauti karibu moja. Nikaongeza na month ya Kiingereza ili kunogesha. Mama mmoja Mnyarwanda aliyekaa mkabala nami, akichambua mfupa wa samaki, akauliza bila hata kuinua macho: "Kwetu ni ukwezi. Hiyo m yako imeenda wapi?" Nilirudi kwenye pilau yangu.

Aliniua kwa herufi moja. Katika lugha zetu m ya mwezi ni nguo tu, si mwili. Mwezi ukivuliwa m- inabaki -ezi. Mnyarwanda akaivalisha uku-, Mganda akaivalisha omw-, nasi mw-. Lakini m ya mes ni mfupa. Kilatini ni mensis, Kiingereza ni month na moon, na huko kote m haivuliki. Vua nguo kwanza ndipo ulinganishe. Mes na mwezi wamefanana kama watu wawili waliovaa sare moja kwenye daladala. Month na moon, hao kweli ni jamaa wa mes. Na kwamba sisi pia mwezi wa angani na mwezi wa kalenda ni neno moja, hilo halitokani na undugu. Mwezi ni uleule kila mtu anayeutazama, na kila mmoja ameutumia kuhesabia siku.

Sasa nikupongeze. Ulilolisema lilikuwa kosa, na ulilolinyamazia lilikuwa kweli. Alcázar na kasri ni neno moja.

Lilianza na wanajeshi wa Roma. Castrum ni ngome, na wingi wake castra ni kambi. Mashariki, Wagiriki wa dola ile ya Kirumi wakalisema kastron. Likapita kwa majirani zao wa Shamu, na Waarabu wakalipokea, wakalifupisha kwa kawaida yao likawa qasr, na kambi ikapanda cheo ikawa jumba la mtawala. Mwaka 711 majeshi ya Waislamu yalivuka bahari yakaingia Hispania, na qasr ikaenda nayo ikiwa imetanguliwa na al-. Wahispania hawakujua kuwa al- ni kitu cha kuvuliwa, wakaimeza nzima: alcázar. Unataka shahidi wa pili? Azúcar, ambayo ni sukari yetu, ikiwa imemezwa pamoja na mwanzo wake wa Kiarabu vilevile. Upande wa huku, Kiarabu hichohicho kilishuka na majahazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, sisi tukachukua qasr peke yake, tukamalizia na irabu: kasri.

Sehemu ninayoipenda ni hii. Hispania kuna na castillo, ngome, ambayo ni mtoto wa castrum aliyebaki nyumbani. Alcázar ni ndugu yake aliyetoka, akazunguka Mashariki yote, akarudi na kilemba. Wote wawili wako Hispania, na mpita njia hajui kuwa ni ndugu.

Na Uingereza je? Castle ni wa ukoo huo. Tena Warumi waliacha kambi zao kisiwani, na Waingereza wa kale wakaziita ceaster, ambayo leo imo kwenye majina ya miji: Lancaster, Leicester, na Manchester. Ndiyo, Manchester. Jumamosi jioni pale Wandegeya, anayepiga meza akilalamikia kipa anataja kasri bila kujua. (Wa Arsenal msinune, nanyi mna chenu, ingawa si cha Kilatini: ni Kiarabu, nyumba ya ufundi, kilichopita kwenye karakana za meli za Venice, na kile kipande cha ufundi ndicho kilichotupa sisi neno sanaa.)

Mengine ya daftari lako nitayapitia haraka. Meza ni mesa ya Mreno, ni mensa ya Kilatini, salama. Bendera nayo ni bandeira ya Mreno, lakini Kilatini hakikuizaa. Kiliilea tu, kwani iliingia kutoka kwa makabila ya Kijerumani, na banner ya Kiingereza imo humo. Usiandike jabón na sabuni kwenye mstari mmoja na meza. Jamaa ni jamaa, ila sabuni ilikuja na Mwarabu.

Kuna moja hukuiandika na iko mlangoni kwako. Kanisa kwa Mhispania ni iglesia, kwa Mreno igreja, yote kutoka ecclesia, ambayo Kilatini kiliipata kwa Wagiriki na maana yake ilikuwa mkutano wa watu. Mombasa, Mreno alipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, aliweka na igreja ndani. Watu wa pwani wakalishika jina kwa ngome nzima, wakaita gereza, na baadaye Mwingereza alipoigeuza ngome ile kuwa jela, neno likabaki na wafungwa. Miaka ikapita, Mapadri Weupe wakaja Buganda na Kilatini chao cha vitabuni, na Wakatoliki wa hapa wakapata Eklezia. Kwa hiyo Eklezia ya Rubaga na gereza la Luzira ni neno moja. Hilo ukilisema kwa Kihispania sawasawa, mbele ya kundi lolote, hawatakusahau.

Na hapo ndipo penye siri ya msichana wa Kampala anayejifunza Kihispania. Usikimbilie Kiingereza tu. Kiingereza kitakusaidia kwenye maneno makubwa: ukiona d katikati ya neno la Kihispania, jaribu t, na mara nyingi utampata jamaa yake. Lakini kwa mambo ya kanisa Luganda yako iko karibu zaidi. Mwingereza anasema priest, neno lililotoka Ugiriki kwa njia nyingine. Mhispania anasema sacerdote. Na nyanya yako, kama ni Mkatoliki, anasema omusaserdooti. Yeye hajawahi kufika Hispania, wala Wahispania hawakuwahi kututawala. Koloni lao la karibu lilikuwa Guinea ya Ikweta, upande wa pili wa bara. Neno limefika kwake moja kwa moja kutoka kwenye kitabu cha Misa.

Bosi wako yuko nusu sahihi. Mgeni amelipa kuiona Kampala, hakulipa kusikia masimulizi ya herufi t kwenye jua la saa saba. Ila nina wasiwasi na karatasi yake. Kama ingesema Mapeera alikuwa nani, usingefika kwenye mapera. Mpelekee mistari miwili iliyoandikwa vizuri, Lourdel, Kigungu, 1879, mon père, umwombe aiongeze. Usimtajie profesa. Dereva naye mnunulie rolex, na anapotafuna muulize kama anadhani na hiyo ilitoka kwenye saa za Uswisi. Ni rolled eggs, mayai yaliyoviringishwa, na kila mgeni huuliza.

Kuhusu mzee wa Sevilla, mwandikie. Usianze na msamaha mrefu. Alikusahihisha kwa upole, na mwalimu mstaafu haombwi radhi kwa kuulizwa swali, anashukuru. Andika hivi: Tenía usted razón: Mapeera viene de mon père. ¿Y su alcázar es nuestro kasri? Yaani, ulikuwa sahihi, Mapeera inatokana na mon père; na je, alcázar yenu ni kasri yetu? Jibu unalijua tayari, lakini mwachie yeye raha ya kulitoa. Atakujibu kwa aya nne, pengine na picha.

Tuma baada ya saa nne asubuhi. Wako nyuma yetu saa moja au mbili kutegemea majira ya mwaka, na mtu wa umri ule aamke kwanza anywe kahawa yake.